Bastola chumbani kwa wazazi: Kinga ya familia au hatari kwa watoto?

Mazungumzo haya huanza usiku, watoto wakiwa wamelala. Jirani wa mtaa wa pili amevamiwa. Wezi wamekata nondo za dirisha na kuondoka na simu, televisheni na mauzo ya siku tatu. Baba, ambaye naye hufunga duka saa tatu usiku na kurudi na fedha kwenye begi, anamwambia mkewe kuwa anataka kuomba kibali cha kumiliki bastola.

Mama anauliza jambo moja tu: "Utaiweka wapi, Baba Neema?"

Swali hilo ni gumu kuliko bei ya silaha, na gumu kuliko safari ya kibali chenyewe. Safari hiyo nayo si fupi. Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji huchunguzwa kuanzia kwa viongozi wa eneo anakoishi hadi polisi.

Wengi wanaotaka silaha ya kujilinda huvutiwa na bastola ya ukubwa wa kati, nusu otomatiki, ambayo mitaani huitwa mguu wa kuku. Sababu zinaeleweka. Bastola ndogo ya mfukoni hufichika kirahisi, lakini hurukaruka mkononi na kulenga nayo ni shida. Kubwa hutulia, ila kuibeba kutwa nzima ni mzigo. Ya kati inachukua faida za pande zote mbili.

Chukua mfano wa Glock 19, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1988. Bila risasi ina uzito wa gramu 600 hivi, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 15. Kifyatulio kikivutwa, risasi moja hutoka na nyingine hupanda yenyewe kwenye chemba. Kwa kawaida haina kitufe cha nje cha usalama ambacho mtu anatakiwa kukisukuma kwanza. Kwa mtu mzima aliyefunzwa, aliyeamka ghafla na mikono inatetemeka, wepesi huo ni faida kubwa.

Kwa nyumba yenye mtoto wa darasa la pili, wepesi huohuo ndio tatizo.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Mtu huchomoa magazini na kuamini kuwa bastola sasa ni tupu. Lakini kama risasi ilikwishapanda kwenye chemba, bado ipo, na katika bastola nyingi za aina hii itatoka kifyatulio kikivutwa. Ni lazima chemba ifunguliwe na kukaguliwa kwa macho, kila mara.

Je, haitoshi kumfundisha mtoto asiguse? Watafiti wa Atlanta, Marekani, walilijaribu hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliwaweka wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, kwenye chumba chenye droo. Ndani ya droo kulikuwa na bastola mbili za maji na bastola moja halisi isiyo na risasi, iliyofungwa kifaa cha kuonyesha kama kifyatulio kimevutwa. Watafiti walikuwa nyuma ya kioo wakitazama.

Kati ya makundi 29, makundi 21 yaliikuta bastola halisi ndani ya dakika 15. Makundi 16 yaliishika. Katika makundi 10, angalau mvulana mmoja alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya waliokuta silaha hiyo hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli au waliidhani ni ya kuchezea. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walikwishawahi kupewa mafunzo fulani ya usalama wa silaha. Na wazazi waliodhani mtoto wao havutiwi na bunduki hawakuwa wamebashiri chochote.

Yeyote aliyewahi kuficha pipi au zawadi ya sikukuu nyumbani hatashangaa. Chini ya godoro na juu ya kabati ni sehemu za kwanza mtoto kuzijua.

Kinachosaidia ni kufuli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa ajali na vifo vya kujiua miongoni mwa watoto na vijana vilipungua pale silaha ilipofungiwa, ilipokaa bila risasi, na risasi zilipofungiwa mahali pengine. Hapo ndipo hesabu ya baba inapovurugika. Bastola isiyo na risasi ndani ya sefu, na risasi kwenye sefu nyingine, haimsaidii sana mtu anayesikia dirisha likikatwa. Iliyo tayari kwa ajili ya mwizi iko tayari pia kwa mtoto. Sefu ndogo ya kufunguka kwa alama ya kidole hupunguza mvutano huo, lakini haiuondoi.

Watu wazima nao wamo kwenye hesabu. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kuwa wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa karibu mara nane wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wasiokuwa nayo. Kwa wanawake ilikuwa zaidi ya mara 35. Mwingine wa mwaka 2022, wa jimbo hilohilo, uliangalia wanaoishi na mwenye bastola bila wao kumiliki: uwezekano wao wa kuuawa kwa risasi na mwenza ulikuwa mara saba, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake.

Mbezi si California, na silaha za kiraia hapa ni chache mno. Lakini hasira na msongo wa mawazo havihitaji visa. Nyumba yenye ugomvi, ulevi au mtu aliyekata tamaa haifai kabisa kuwa na bastola, hata kibali kikipatikana.

Kwa mwenye shamba la mbali na kituo cha polisi, aliyepata mafunzo na asiyeishi na watoto, mizani inaweza kulala upande mwingine. Kwa Baba Neema, kinachomvuta mwizi ni begi la mauzo. Fedha hizo zikiwekwa kwa wakala au benki kabla hajafunga duka, sababu kubwa ya kuvamiwa inabaki nje ya nyumba. Taa ya nje na mbwa hufuata.

Likizo nayo inakaribia, na watoto watakwenda kwa wajomba na mashangazi. Mzazi anayejua kuwa ndugu anamiliki silaha anaweza kupiga simu mapema, bila kugombana: "Kaka, watoto wanakuja Ijumaa. Ile bastola yako siku hizi inakaa wapi, na ufunguo anao nani?"