Pikipiki Isiyo na Fremu

Askari wa usalama barabarani aendeshaye pikipiki anaijua vyema hali hii: akishika breki ya mbele kwa ghafla, pua ya chombo huinama, na uzito wote humwegemea mikononi. Chanzo chake ni ile miguu miwili ya mbele yenye springi, ambayo mafundi huiita foku. Imebebeshwa kazi tatu kwa pamoja: kugeuza gurudumu, kumeza mashimo, na kuhimili nguvu ya breki. Springi ikishabanwa na breki haina tena nafasi ya kupokea shimo lijalo. Nami nilipokuwa nikizungukia shule za vijijini kwa pikipiki ya kazi nilijifunza somo hili nikiwa mtaroni, mafaili yametapakaa pande zote.

Mmoja wa waliokataa kuikubali hali hiyo alikuwa John Britten, mzaliwa wa mwaka 1950 katika mji wa Christchurch, New Zealand. Tangu utotoni kusoma na kuandika kulimpa taabu kubwa. Wazazi wenye mtoto wa namna hiyo wasikate tamaa upesi, kwani huyu alisomea uhandisi wa mitambo, na pamoja na marafiki wachache, katika karakana ya nyumbani, akaunda pikipiki iliyowashangaza wenye viwanda.

Pikipiki hiyo, iliyoitwa V1000, ilianza kukimbia mwaka 1991. Haikuwa na fremu kama tuijuavyo. Injini yenyewe, ya silinda mbili na ujazo wa sentimeta 999 za mchemraba, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Vitu vingine vyote vilifungwa juu yake. Rejeta ilifichwa chini ya kiti, na springi ya gurudumu la nyuma ikawekwa mbele ya injini. Magurudumu na mwili vilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, hata uzito wote ukawa kilo 138 tu.

Kwa upande wa mbele, Britten alifuata njia iliyokwisha onyeshwa na mhandisi Norman Hossack. Gurudumu lilishikwa na uma mgumu usiobonyea, nao uma ukaunganishwa na mwili kwa mikono miwili yenye bawaba, mmoja juu ya mwingine. Breki ikishikwa, sehemu kubwa ya nguvu yake hupita katika mikono hiyo hadi kwenye injini, na springi hubaki huru kufanya kazi yake.

Mwaka 1992, huko Daytona, Marekani, Andrew Stroud aliiendesha V1000 dhidi ya Ducati za kiwandani. Watazamaji walimwona akiwapita wenzake gurudumu la mbele likiwa hewani. Ushindi ulikuwa karibu, lakini hitilafu ndogo ya umeme ikaizima injini. Fikiri uchungu wa watu waliokesha miezi mingi! Walirudi, na mwaka 1994 Stroud akashinda hapo hapo Daytona. Mwaka huo huo pia uliwaletea msiba: Mark Farmer alifariki akiifanyia mazoezi V1000 katika kisiwa cha Man.

Britten naye aliugua saratani, akafa Septemba 1995 akiwa na miaka 45. Pikipiki kumi tu za aina hiyo zilitengenezwa. Moja imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Wellington.

Kwa nini basi foku ya kawaida bado inatawala mashindanoni? Viwanda vimeiboresha kwa miaka mingi, tena waendeshaji wameizoea. Ile pua kuinama huwajulisha breki imeshika kiasi gani. Wakinyimwa ishara hiyo huingiwa na wasiwasi. Hata hivyo, katika miaka ya 2000 kampuni ya BMW ilitumia muundo wa mikono miwili katika pikipiki zake kubwa za safari ndefu, nao wenye mizigo na abiria wakafurahia kushika breki bila kuinamishwa.