Mlango Nilioukosa: Kuunda Ndege za Mfano Ukiwa Chuoni

Ukiingia chumbani kwetu hosteli, juu ya kabati utaona ndege nyeupe yenye urefu wa rula na ushee. Injini zake nne zimebebana mkiani, mbili kila upande. Wageni huwa na maswali mawili. La kwanza: "Umeinunua wapi?" Nikisema nimeiunda mwenyewe, linakuja la pili: "Sasa hiyo inakusaidia nini?" La kwanza nalijibu kwa sentensi moja. La pili limenichukua mwaka mzima, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwanza tuelewane. Nikisema ndege za mfano sina maana ya droni, wala midoli ya dukani. Nina maana ya nakala ndogo ya ndege halisi, iliyopunguzwa kila upande kwa kiasi kilekile. Hairuki. Inakaa tu na kutazamwa. Wengi wetu tuliigusa kazi hii utotoni bila kujua. Nani hapa hakuwahi kuunda gari la waya lenye matairi ya ndala? Tofauti ni kwamba gari lile lilikuwa gari tu, la aina yoyote. Ukiunda kwa vipimo, lazima ujibu: ni gari gani, la mwaka gani, na dirisha lake lina upana gani? Hapo mchezo unageuka utafiti.

Hesabu kabla ya gundi

Nasoma historia na jiografia, si uhandisi, na jiografia ndiyo iliyonifungulia mlango. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500 ardhini. Ndege za mfano zinafuata kanuni hiyohiyo. Vipimo vilivyozoeleka duniani ni 1:32, 1:48, 1:72 na 1:144. Mbona namba za ajabu hivyo, kwa nini isiwe 1:50 au 1:100? Kwa sababu zilitokana na futi na inchi. Futi ina inchi 12, kwa hiyo kwenye 1:72 inchi moja inasimama badala ya futi 6, na kwenye 1:144 inasimama badala ya futi 12. Mtu mwenye rula ya inchi alikuwa hahitaji kikokotoo.

Ndege yangu ni Super VC10, iliyoundwa na kampuni ya Vickers ya Uingereza. Ile halisi ilikuwa na urefu wa kama mita 52.3, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili mita 44.5. Gawanya kwa 144 unapata sentimita 36.3 kwa 30.9. Ningechagua 1:72 ingepita sentimita 70, na chumba chetu kina vitanda vinne. Kwa hiyo, kabla hujachagua ndege, pima kabati.

Hesabu hiyohiyo inaweza kukuadhibu. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 1.2 tu. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1, ambalo kwa macho si kitu, kwenye 1:144 ni sawa na kuipaka ndege halisi lipu ya sentimita 1.4. Ndiyo maana mfano uliopakwa rangi nzito unaonekana kama mwanasesere hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi. Jicho linajua, hata kama mwenye jicho hajui.

Na msidhani ni mambo ya watu wasio na kazi. Mwaka 1942, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde ndege za mfano 500,000 kwa kipimo cha 1:72. Lengo lilikuwa kuwafundisha askari kutambua ndege angani: ipi ya kwetu, ipi ya adui. Mfano wa 1:72 ukiutazama kutoka mita 10, unaonekana kwa ukubwa ule ambao ndege halisi ingeonekana ikiwa mita 720 kutoka kwako. Baada ya vita, plastiki ikashuka bei na kazi ikahamia mezani kwa watu wa kawaida. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilitoa seti yake ya kwanza ya ndege, Spitfire, mwaka 1953.

Kazi yenyewe

Mimi nilianza na seti ya plastiki ya mitumba ambayo shangazi alinibebea kutoka safari. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, kama matunda kwenye kikonyo. Kosa la kwanza la kila mgeni, nami nikiwemo, ni kuvinyofoa kwa vidole. Vinachanika. Kata kwa wembe au kikatio cha kucha, mbali kidogo na kipande, kisha sugua kibaki kwa msasa.

Kabla ya gundi, osha vipande vyote kwa maji na sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Halafu viunganishe vikavu, bila gundi, uone wapi vinakataa. Hatua hii wengi tunairuka kwa sababu ya haraka, na ndiyo inayookoa kazi nzima.

Gundi nayo ina siri yake. Ile maalumu ya plastiki haigandishi tu. Inayeyusha kidogo kingo za vipande viwili vikawa kimoja. Supagluu inashika haraka, lakini kiungo chake ni kikavu na kinakatika ukidondosha, tena mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye vioo. Kwa madirisha tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu. Nyufa zinazobaki unaziba kwa puti, ileile ya mafundi wa kunyoosha bodi za magari, kisha msasa wa maji: namba 400, halafu 800, mwisho 1200. Rangi ni tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nene, na kila moja ikauke kabisa. Kazi ya thina na rangi fanyia nje au dirishani. Rumeti wangu alinihama siku mbili kwa sababu ya harufu, na alikuwa na haki.

VC10 ina mtego wake wa pekee. Kwa kuwa injini zote ziko nyuma, mfano ukiuacha mtupu unakaa kitako, pua juu, kama mbuzi anayechuma majani. Dawa ni kuweka uzito puani kabla hujafunga kiwiliwili. Nilikwenda soko la samaki, nikanunua chubwi za ndoano, nikazigundisha ndani ya pua moja baada ya nyingine mpaka ikatulia kwa magurudumu yote matatu. Muuza chubwi aliniuliza navua wapi. Nikamwambia hosteli.

Babu na mlango

Sasa, kwa nini VC10? Kwa sababu ya babu yangu. Shirika la ndege la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na baadaye kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilikuwa na Super VC10 tano. Babu alikuwa fundi wa bati kwenye hanga la Embakasi, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika likafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, naye akarudi Tanga na sanduku moja. Tangu nimepata akili, habari za miaka ile anazifupisha kwa neno moja: "Yalipita."

Nilimaliza ndege likizo ya mwaka wa pili. Nikaifunga kwenye boksi la viatu, nikapanda basi. Baada ya shikamoo na chai nikaiweka mezani, nikijiandaa kusifiwa. Babu akavaa miwani. Akaizungusha taratibu, kimya, kisha akaweka kidole ubavuni, upande wa kushoto, karibu na pua.

"Mlango wa mizigo uko wapi?"

"Mlango si huu hapa, babu?"

"Huo wa abiria. Nakuuliza wa mizigo. Sisi zetu zilikuwa na mlango mkubwa hapa. Hii umeunda ya Waingereza."

Na kweli. Seti yangu ilitengenezwa kwa kufuata ndege za BOAC, shirika la Uingereza, ambazo hazikuwa na mlango ule. Zile za Afrika Mashariki ziliagizwa na mlango mpana wa mizigo mbele, ili zibebe abiria na shehena kwa pamoja. Nilikuwa nimetazama picha zaidi ya 20 za ndege hizo na mstari wa mlango ulikuwemo. Sikuuona kwa sababu sikuwa nautafuta.

Kisha akasoma namba za usajili nilizozibandika: 5X-UVA. Mimi nilizinakili kutoka kwenye picha iliyokuwa wazi kuliko zote, basi. Nilijua kuwa 5X ni ya Uganda, 5Y ya Kenya na 5H yetu, sikwenda zaidi ya hapo. Babu akavua miwani.

"Hii ndiyo iliyoishia Addis."

Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa inaondoka Addis Ababa na watu 107. Ikiwa kasi, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, tairi likapasuka. Rubani akakatisha safari, ndege ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa. Babu alisema kwamba tangu siku hiyo, kila akimaliza kazi alihesabu spana zake mara mbili.

Nikamwambia nitazibandua herufi, niweke nyingine. Akakataa. "Iache. Ilikuwa ndege nzuri mpaka siku ile. Wewe weka mlango."

Kuchora mlango kwenye mfano ambao tayari umepakwa rangi ni kama kuchora kwenye gauni la harusi. Ni umbo lisilofika sentimita 3, lakini kiwiliwili ni duara, na mstari ukienda mrama hakuna kufuta. Nilipima kwenye picha iliyopigwa ubavuni: gawanya urefu halisi wa ndege kwa urefu wake pichani, unapata kiasi cha kuzidishia kila kitu kingine. Nikabandika utepe mgumu uwe rula, nikapitisha sindano mara 10, kidogo kidogo, bila kukandamiza. Mstari wa tatu ulinishinda. Nikaziba kwa puti, nikasugua, nikapaka upya, nikaanza tena. Ilinichukua siku nne kwa kitu ambacho wageni wetu hawakioni mpaka niwaonyeshe.

Siku hizo nne babu alikaa kiti cha pembeni. Alizungumza zaidi ya nilivyowahi kumsikia: baridi ya hanga alfajiri, nani alikuwa zamu, jinsi walivyogonga bati kwa nyundo ya mbao. Nami nilikuwa na jambo la kumpa. Alidhani ndege zile zote zilikatwa vyuma chakavu. Kumbe nne zilizobaki zilirudishwa Uingereza, na jeshi lao la anga likazigeuza kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Mojawapo, 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, iliruka hadi Septemba 2013. Babu alifikiri kidogo. "Miaka 36 baada yetu," akasema. Halafu: "Bati zetu hizo."

Sasa inasaidia nini?

Wapo watakaosema inafundisha subira, na ni kweli, ila subira unaweza kujifunza hata kwenye foleni ya kusaini bumu. Mimi nimepata kitu kingine. Kusoma kunaniruhusu nijidanganye kwamba nimeelewa. Naweza kujibu swali la mtihani kuhusu kuvunjika kwa Jumuiya nikapata alama nzuri bila kujua chochote kuhusu mtu aliyerudi na sanduku moja. Mikono hairuhusu udanganyifu huo. Huwezi kuunda mlango ambao hujui uko wapi, na usipojua, lazima uende kwa anayejua.

Ukitaka kuanza, usisubiri seti. Chukua ndege unayoiona kila siku, tafuta urefu wake halisi, chagua kipimo, kata kiwiliwili kwenye lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, mbawa kwenye kadibodi ngumu. Wembe, msasa, gundi ya mbao na rangi ya maji havikunifikisha shilingi 10,000. Kata ukielekeza wembe mbali na vidole. Supagluu usiweke kwenye povu hilo, inalila. Ya kwanza itatoka mbaya. Itunze hivyohivyo, utaihitaji kuilinganisha na ya tatu.

Na ikiwa nyumbani kwenu yupo mtu aliyewahi kufanya kazi relini, bandarini, kwenye meli za ziwani au kiwandani, muulize alishika mashine gani. Unda hiyo. Mpelekee kabla rangi haijakauka sana, maana kuna mlango utakuwa umeusahau.