Je, Wajua? Kindu na viwanja vya ndege vilivyofungwa

Msafiri anayetaka kutoka Kindu kufika Kinshasa upesi ana njia moja tu, nayo ni ndege. Treni ya kusini haina siku ya uhakika, na barabara za kwenda Kisangani na Bukavu zinategemea huruma ya mvua. Kiwanja cha ndege kikifungwa, jimbo letu lote la Maniema linabaki nyuma ya mlango uliofungwa. Haya hapa ni mambo ya kweli kuhusu kiwanja chetu, na kuhusu viwanja vya miji mingine vilivyofungwa na vita, na moto wa mlima, au na mji wenyewe ulipokua.

Je, wajua kwamba kiwanja cha kwanza cha ndege za abiria nchini Kongo kilikuwa mto? Tarehe 1 Julai 1920, kampuni iliyopewa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, LARA kwa kifupi, ilianza kurusha ndege ndogo zinazotua majini kutoka Kinshasa. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zinafika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, safari ya takriban kilomita 1,700. Huduma hiyo ilikufa mwaka 1922.

Je, wajua kwamba ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji ilichukua siku 51 kufika Kongo? Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, wakatua Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Wengi wangesafiri kwa meli wakafika mapema kuliko wao, lakini safari yao ndiyo iliyofungua njia ya anga.

Je, wajua kwamba Kindu ina majina mawili angani? Kwenye tiketi na lebo ya mzigo imeandikwa KND. Kwa marubani na waongoza ndege ni FZOA. FZ ni alama ya Kongo nzima: Goma ni FZNA, Ndolo ya Kinshasa ni FZAB.

Je, wajua kwamba Waitalia 13 waliuawa Kindu wakiwa wameleta vifaa tu? Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua hapa. Marubani na wahudumu wake walikuwa wa Brigedi ya 46 ya Anga kutoka Pisa, waliotumwa na Umoja wa Mataifa kuwapelekea vifaa askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani Kindu. Nchi ilikuwa imegawanyika: Katanga ilikuwa imejitenga, na chuki dhidi ya mamluki wa Tshombe, kiongozi wake, ilikuwa kali. Askari wa Kongo wa upande wa Stanleyville waliwaona wazungu wenye sare, wakaamini kwamba ni mamluki hao. Waitalia walikuwa mezani wakila, bila silaha. Wakakamatwa, wakapigwa, wakauawa wote. Uvumi ulitosha kuua watu 13.

Je, wajua kwamba miili yao ilikaa kwa miezi katika makaburi ya kijiji? Ilipatikana Tokolote, kando ya Lualaba, mwanzoni mwa 1962, ikarudishwa Italia mwezi Machi.

Je, wajua kwamba jina la Kindu limeandikwa kwenye kiwanja cha ndege cha Ulaya? Hapo Pisa, kando ya uwanja wa ndege, kuna kanisa la ukumbusho walikolazwa wanahewa hao. Mwaka 1994 taifa lao liliwapa Nishani ya Dhahabu ya Ushujaa wa Kijeshi. Mtoto wa Pisa anaweza kulijua jina la mji wetu hata kama hawezi kuuonyesha kwenye ramani.

Je, wajua kwamba safari ya kuikomboa Stanleyville mwaka 1964 ilipitia Kindu? Waasi walioitwa Wasimba waliuteka mji wetu Julai mwaka huo. Mwanzoni mwa Novemba, safu ya jeshi la serikali ikiwa na mamluki, chini ya Kanali Vandewalle wa Ubelgiji, iliuchukua tena. Safu hiyo ikasonga kaskazini kwa barabara, kupitia Punia na Lubutu. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba, kabla haijafika, makomando wa Ubelgiji zaidi ya 300 waliruka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, wakatua kwenye kiwanja cha Simisimi. Wasimba walikuwa wameziba njia ya kurukia kwa mapipa na magari. Ilibidi yaondolewe kwanza ndipo ndege zitue.

Je, wajua kwamba Simisimi hiyo imekwisha kuacha abiria? Kiwanja hicho kilikuwa ndani ya mji wa Kisangani. Serikali ilijenga Bangoka, nje ya mji, kwa njia ya kurukia ya mita 3,500, na abiria wakahamia huko. Simisimi ikabaki mikononi mwa jeshi. Hata hivyo herufi zake, FZIA, bado ni zake. Bangoka ilipewa FZIC.

Je, wajua kwamba ndege ya abiria ilidunguliwa Kindu? Tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ya shirika la ndege la Kongo ilikuwa imetoka tu kuruka ilipopigwa kombora. Watu wote 41 walikufa. Waasi wa RCD walisema ilibeba askari. Shirika lilisema ilibeba raia waliokimbia vita. Siku chache baadaye mji ukaanguka mikononi mwa waasi.

Je, wajua kwamba ajali ya Ndolo iliua zaidi ya watu 200 ambao hawakuwa wamepanda ndege? Ndolo ndiyo iliyokuwa lango la Kinshasa kabla ya N'Djili. Mji uliizunguka pande zote, na soko la Simbazikita likawa karibu na mwisho wa njia ya kurukia. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyojaa mzigo ilishindwa kupaa, ikaingia sokoni katikati ya wauzaji na wanunuzi. Hiyo ni miongoni mwa ajali za ndege zilizoua watu wengi zaidi waliokuwa ardhini.

Je, wajua kwamba kiwanja cha Goma kimewahi kuzibwa na mlima? Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga moto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji, ukafunika takriban theluthi ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikaangukia mtaa wa Birere. Walikufa takriban watu 40, wengi wao wakiwa chini.

Je, wajua kwamba njia hiyo ya kurukia ya Goma ilijengwa upya, kisha vita ikaifunga? Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa AFC/M23 waliuchukua mji wa Goma, na kiwanja kikafungwa. Oktoba mwaka huo, mkutanoni Paris, Rais Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba kitafunguliwa kwa ndege za misaada, waasi wakapinga. Wanaoumia ni wagonjwa wanaongoja dawa.

Je, wajua kwamba Eastleigh ya Nairobi iliwahi kupokea abiria wa kimataifa? Mwaka 1958 kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa, na Eastleigh ikaachiwa jeshi. Ni kisa kilekile cha Kisangani.

Je, wajua kwamba wakazi wa Berlin walipiga kura kukilinda kiwanja kilichofungwa? Tempelhof, kilichosaidia kuuokoa mji usife njaa mwaka 1948 na 1949, kilifungwa Oktoba 2008, kikafanywa bustani ya wote. Mwaka 2014 wananchi walikataa majumba kujengwa hapo. Hong Kong nao walifunga Kai Tak Julai 1998, ambapo ndege zilikuwa zikipita karibu sana na madirisha ya maghorofa. Leo meli za watalii zinafunga gati pale ndege zilipokuwa zikitua.

Je, wajua kwamba kila abiria wa Kongo analipia ukarabati wa viwanja? Ada iitwayo Gopasi ilianzishwa mwaka 2009: dola 10 kwa safari za ndani, 50 kwa safari za nje. Fedha hizo zilikusudiwa kuviboresha viwanja vinavyosimamiwa na RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege ya Kongo. Kila anayelipa Kindu ana haki ya kuuliza kiasi gani kimerudi kwenye lami ya Kindu.

Tumeona kwamba kiwanja hufungwa na vita, na mlima, au na mji unaokikaribia mno. Vita na mlima si vya mkazi wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli hapa Kindu kuvizuia. La tatu liko mikononi mwetu. Ndugu msomaji, ukiletewa parseli ya ardhi karibu na njia ya kurukia, hata kwa bei ya chini, ikatae. Ukiona nyumba au soko vinasogea huko, mwambie chifu wa mtaa leo, kabla ukuta haujapanda. Simbazikita walichelewa. Kindu haina kisingizio cha kuchelewa.