Bati la Bisie, bati la nyota za buluu

Mwaka 2004 mwanaastronomia Simon O'Toole alitangaza habari ambayo mchimbaji wa Walikale, mashariki mwa Kongo, angeitegea sikio: kuna bati kwenye nyota. Ni bati lilelile linalotoka kwenye kasiterite ya mgodi wa Bisie huko Walikale na kulehemu vipuri vya simu. Alilikuta usoni mwa nyota za buluu zaidi ya 20, zenye joto la nyuzi 22,000 hadi 40,000. Uso wa Jua haufiki 6,000.

Nyota za buluu kwa kawaida ni changa na hufa mapema, hivyo hukutwa zilikozaliwa, ndani ya sahani ya nyota, gesi na vumbi tunayoiona kama Njia Nyeupe. Mbona nyingine ziko mbali nayo? Milton Humason na Fritz Zwicky walizisaka mwaka 1947 kuelekea ncha ya kaskazini ya galaksi, mbali kabisa na sahani hiyo. David Kilkenny na wenzake wakazifuata baadaye upande wa kusini, kutoka Sutherland, Afrika Kusini. Chache ni changa kweli, zimetupwa nje kwa kishindo. Nyingi ni vikongwe: nyota mwenza amezivua koti la haidrojeni, kikabaki kiini kinachounguza heli, chenye nusu tu ya uzito wa Jua.

Ndizo zenye bati la O'Toole, lakini halikupikwa humo. Sehemu kubwa yake ilitengenezwa polepole ndani ya nyota kubwa nyekundu za kale. Kwenye hizi za buluu, mwanga mkali husukuma atomi za bati juu huku heli ikizama, mpaka zinarundikana usoni. Bisie nako ni mkusanyo tu. Ganda la dunia lina gramu mbili hivi za bati kwa tani. Maji moto ya chini ya ardhi yaliliokota na kuliacha kwenye nyufa, na leo mwamba wa pale una kama kilo 45 kwa tani. Utajiri wa namna hiyo ni nadra, na umewatesa watu: wapagazi waliupitisha porini kwa migongo, na Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi waasi wa M23 walipoukaribia mgodi wake wa Bisie. Jirani zao wa Masisi wana koltani ya Rubaya, na vita vilevile.

Anga, angalau, halina kizuizi cha barabarani. Walio Ulaya hawaioni vizuri ncha ya kusini ya galaksi, wala Sutherland ile ya kaskazini. Kutoka Masisi, jirani na ikweta, zote mbili hupanda zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo: ya kaskazini jioni za Mei, ya kusini jioni za Novemba, mvua ikiruhusu. Novemba mara nyingi hairuhusu.