Aliacha mgodi, je, aache na dawa ya lehemu?

Mama mmoja wa Mwendakulima, Kahama, ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Mumewe, mwenye umri wa miaka 53, aliendesha madampa katika mgodi wa Buzwagi kwa miaka tisa. Kila mwaka alipimwa afya, na katika upimaji mmojawapo akaambiwa kuwa shinikizo lake la damu liko juu na kwamba lehemu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli, imezidi. Akaandikiwa dawa mbili: amlodipini kwa ajili ya shinikizo, na simvastatini ya miligramu 40 kwa ajili ya lehemu. Bima ya kazini ilikuwa ikilipa. Mgodi huo, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021, na bima ikaondoka pamoja na ajira. Leo mume huyo ni mfanyabiashara mdogo wa mpunga, na dawa anazinunua mwenyewe kwa fedha ileile inayosubiriwa na ada za watoto wanne.

Mama anaeleza kuwa miguu ilikuwa ikimuuma mumewe kama mtu aliyeshinda shambani na jembe. Rafiki waliyefanya kazi pamoja akamwambia kuwa dawa ya lehemu huharibu ini na humaliza nguvu za kiume. Basi ameziacha zote mbili, ya lehemu na ya shinikizo. Mama ana hofu, kwani shemeji yake, ndugu wa mumewe, alianguka kwa kiharusi na mpaka leo analishwa kwa kijiko. Anauliza: amsihi baba watoto azirudie, au anyamaze?

Ndugu msomaji, lehemu yenyewe si sumu. Ni kitu cha jamii ya mafuta ambacho mwili hukihitaji kujenga kuta za seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake haitoki katika sahani bali hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Ubaya huanza pale lehemu inayosafirishwa katika vifurushi viitwavyo LDL inapozidi katika damu kwa miaka mingi. Vifurushi hivyo hupenya katika kuta za mishipa, hukusanyika humo na kujenga utando mnene. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiwa ni njia ya moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni ya ubongo, ni kiharusi. Kabla ya siku hiyo mara nyingi hakuna maumivu yoyote, na hapo ndipo penye ugumu wa dawa hii: mtu huona anameza kidonge cha ugonjwa asiousikia, na kitu pekee anachokisikia ni madhara.

Dawa za kundi hili huitwa statini. Asili yake itampendeza mfanyabiashara wa mpunga. Mtafiti wa Kijapani, Akira Endo, alipima maelfu ya viumbe vidogo katika miaka ya mwanzo ya 1970, na kile kilichompa jibu kilikuwa ukungu uliotoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Ukungu huo ulikuwa na kitu kinachozuia ini kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, hulazimika kuivuta LDL kutoka katika damu, na damu husafika. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa nchini Marekani mwaka 1987, na mwaka 2007 simvastatini iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Je, zinafaa kweli? Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi za Skandinavia uliowahusisha wagonjwa 4,444. Wote walikuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wengi wao walikwisha kupatwa na shambulio la moyo. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na ushei, katika kila watu 100 wasiopewa dawa walikufa takriban 12. Katika kila 100 waliopewa walikufa 8. Maana yake ni kwamba watu wanne katika 100 walinusurika kwa sababu ya dawa. Wanane walifariki pamoja na kuimeza, na 88 wangeishi hata bila ya kuimeza. Baadhi ya wauzaji wa dawa husema imepunguza vifo kwa asilimia 30, na baadhi ya wapinzani wake husema imewasaidia asilimia nne tu. Wote wawili wanasema kweli kuhusu jambo lilelile. Kwa maoni yetu, anayekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba mshipa, hana sababu ya kubabaika: wanne katika mia ni wengi, na miongoni mwao huenda akawamo baba wa mtu.

Mume wa dada yetu hayumo katika kundi hilo. Yeye hajapatwa na lolote. Kwa watu wa namna yake tuna utafiti uitwao HOPE-3, uliotolewa mwaka 2016, uliowachukua watu 12,705 kutoka nchi 21 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala wa mishipa. Kwa kipindi cha zaidi ya miaka mitano, waliopatwa na kiharusi, shambulio la moyo au kifo kitokanacho na maradhi hayo walikuwa asilimia 4.8 bila dawa, na asilimia 3.7 kwa waliotumia rosuvastatini. Hiyo ni tofauti ya mtu mmoja katika kila mia. Mzani hapa ni mwepesi zaidi, na mtu mwenye akili timamu anaweza kuupima na kuamua ama hivi ama vile. Jambo linaloubadilisha mzani huo ni hatari aliyonayo mtu tangu mwanzo: umri, sigara, kisukari, shinikizo la damu. Anayekabiliwa na hatari kubwa huvuna zaidi kutoka kidonge kilekile.

Tuje kwenye madhara. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya kusababisha kuyeyuka kwa misuli na vifo. Kwa hiyo anayesema dawa hizi haziwezi kudhuru hasemi kweli. Lakini zilizobaki zimefuatiliwa kwa makini. Mapitio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 yalikadiria kuwa watu 10,000 wakitumia statini yenye nguvu kwa miaka mitano, takriban watano watapata ugonjwa mkubwa wa misuli, kati ya 50 na 100 watagundulika na kisukari ambacho pengine kisingetokea au kingechelewa, na kati ya watano na 10 watapata kiharusi cha kuvuja damu. Upande wa pili wa mizani, matukio makubwa ya moyo na mishipa yanayozuiwa yalikadiriwa kufika 1,000 kwa waliokwisha kuugua, na 500 kwa wasiougua bado lakini wenye hatari iliyo juu. Madhara makubwa ya ini ni nadra sana. Kuhusu nguvu za kiume, watafiti wa HOPE-3 walilipima jambo hilo pia na hawakuona kuwa dawa inazipunguza. Shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa ndivyo vinavyozimaliza, na hilo wanaume hawapendi kuambiana barazani.

Na maumivu ya miguu? Mwaka 2020 watafiti wa London waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Wakawapa makopo ya miezi 12: manne ya statini, manne ya vidonge bandia visivyo na dawa, na manne matupu. Maumivu yalizidi katika miezi ya vidonge kuliko miezi ya makopo matupu, lakini yalikuwa karibu sawa iwe kidonge ni dawa au ni bandia. Maumivu hayo yalikuwa ya kweli, ila sehemu kubwa ilitokana na hofu ya kidonge chenyewe. Nusu ya watu hao walirudia dawa walipoonyeshwa matokeo yao.

Hata hivyo hatutaki dada yetu amwambie mumewe kuwa maumivu ni ya kufikirika. Katika maelezo yake kuna jambo lililotushtua. Amlodipini huzuia simvastatini isivunjwevunjwe upesi mwilini, hivyo kiasi chake katika damu hupanda na misuli huwa hatarini zaidi. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kuwa anayetumia amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Baba huyu alikuwa akimeza 40. Inawezekana kabisa kwamba miguu yake ilikuwa ikisema kweli, na kwamba tiba yake si kuacha bali ni kupunguza kipimo, au kubadilishiwa statini nyingine, kama rosuvastatini, isiyogombana na amlodipini kwa namna hiyo. Hilo ni la daktari kuamua. Na kama maumivu ni makali, misuli imelegea, au mkojo umekuwa na rangi kama ya chai ya rangi, asisubiri siku ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Mkanda huu wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, una mambo yake mengine. Kifua kikuu kimewaandama wachimbaji tangu zamani, na rifampisini inayotumika kukitibu huifanya simvastatini ikose nguvu. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ya maradhi ya moyo ni kubwa kuliko ya wengine, wana habari njema: utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha watu 7,769 wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kuwa pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Lakini wasinunue statini yoyote kimyakimya dukani, kwani simvastatini haichanganywi kamwe na dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri. Vivyo hivyo klarithromisini na erithromisini, ambazo watu hununua kwa kikohozi bila kuulizwa lolote. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha asimeze statini bila ya daktari kumwelekeza.

Wako watakaosema kuwa haya ni maradhi ya wazungu. Mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha uchunguzi wao wa Uganda: Waafrika walikuwa na lehemu ndogo na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa haba mno kwao, ilhali Waasia walioishi nchi hiyohiyo walikuwa na vyote viwili kwa wingi. Chakula kilikuwa sehemu kubwa ya maelezo. Babu zetu wa Usukuma walikula ugali wa mtama, mlenda na michembe, na walitembea. Dereva wa dampa hukaa saa 12 kitini, na jioni mjini Kahama humngoja chipsi mayai zilizokaangwa katika mafuta ya tangu juzi. Hali imebadilika, na kiharusi kimetangulia mbele ya shambulio la moyo: utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kiwango cha kiharusi Dar es Salaam ni miongoni mwa vya juu duniani, na shinikizo la damu lisilotibiwa lilitajwa mbele kabisa.

Hapo ndipo tunapomjibu dada yetu moja kwa moja. Kati ya vidonge viwili alivyoacha mumewe, kilichotutia wasiwasi zaidi ni cha shinikizo. Kama fedha ya mwezi huu inatosha dawa moja tu, inunuliwe hiyo, na akapimwe shinikizo wiki hii, si wiki ijayo. Kisha aende kituo cha afya akiwa na makopo yote ya dawa, hata yaliyokwisha, aombe kukadiriwa hatari yake. Chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinalo jedwali la Afrika Mashariki, na mojawapo haihitaji hata kipimo cha damu: hutumia umri, jinsia, sigara, shinikizo, na uzito ukilinganishwa na urefu. Apimwe na sukari pia. Akikutwa na kisukari, au chati ikionyesha hatari kubwa, statini ina haki ya kurudi katika bajeti ya nyumba, kwa kipimo kisichogombana na amlodipini. Hatari ikiwa ndogo, anaweza kuacha statini bila ya kujilaumu, akaangalia chumvi, mafuta na miguu yake.

Habbasoda na kitunguu saumu waendelee kuvitumia katika chakula kama kawaida. Ila hakuna utafiti mkubwa ulioonyesha kuwa vinazuia vifo kama tulivyoeleza juu ya statini, na muuzaji anayemshauri mgonjwa atupe vidonge ili anunue chupa yake, huyo ana faida yake anayoitafuta.

Mama huyu aliuliza pia kuhusu Ramadhani. Statini humezwa mara moja kwa siku. Simvastatini humezwa usiku, hivyo mfungaji anaweza kuimeza baada ya futari au kabla ya kulala. Atorvastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote, hata wakati wa daku. Saumu haiguswi, wala hakuna dozi inayopotea.