Dawa ya Kuvu Inapochoma Ngozi

Umepewa dawa ya kupaka kwa ajili ya choa. Siku ya pili unasikia inachoma, nawe unasema, "Dawa hii ni mbaya." Unaitupa, na choa kinaenea. Basi fahamu kwanza kwamba si kila kuchoma ni kwa kuogopa.

Pomadi za kuvu kama klotrimazoli na mikonazoli ni za upole. Siku za kwanza zaweza kuwasha kidogo, na ngozi yaweza kukauka na kubambuka. Kama hali hiyo inapungua siku kwa siku, endelea. Pomadi ya Whitfield ni kali zaidi, kwa maana ndani yake mna asidi ya kubambua ngozi ya juu. Hiyo ndiyo kazi yake. Usiipake penye kidonda, karibu na macho, wala mapajani karibu na sehemu za siri.

Lakini ukiona malengelenge, au maji yakitoka, au mwasho ukizidi na kupita mahali ulipopaka, mwili wako unaikataa dawa hiyo. Ioshe kwa maji, uache kuipaka, uje nayo hospitali ili upewe nyingine. Uso ukivimba au pumzi ikiwa ngumu, usingoje kesho.

Sasa nakuambia juu ya pomadi ninayoiogopa kuliko hizo zote, nayo haichomi hata kidogo. Inauzwa sokoni, na mwasho unatulia upesi. Soma sanduku lake: ukiona betametasoni au klobetasoli, ujue ni dawa ile ile wanayopaka wenye kujichubua ngozi wapate kuwa weupe. Inatuliza ngozi, lakini inaipunguzia nguvu ya kupigana na kuvu. Choa kinapoteza umbo lake la duara, kinaenea kimya kimya, hata mganga anashindwa kukitambua. Ukiipaka muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba, na michirizi inatokea mapajani isiyoondoka tena. Ukiiacha, mwasho unarudi kwa nguvu, nawe unadhani hakuna dawa nyingine. Mama, usimpake mtoto mchanga chini ya kitambaa chake; ngozi yake inainywa dawa hiyo upesi.

Pomadi ya kuvu peke yake hupakwa nyembamba, asubuhi na jioni, juu ya ngozi iliyooshwa na kukauka, ikipita kidogo ukingo wa choa. Kwa kawaida ni majuma 2 hata 4. Usiiache siku mwasho unapokwisha, kwa maana kuvu ingali ndani. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa pomadi tu. Yanataka vidonge, kama griseofulvini.

Tena, choa kikipona, mara nyingi doa jeusi linabaki miezi kadhaa. Dawa haikukuunguza. Liache doa hilo, litafifia lenyewe. Usilitafutie pomadi ya sokoni.