Daftari la Masurufu



Wiki hii twaomba ruhusa tufungue daftari lisilo letu. Ni la bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa miaka mingi ameandika kila shilingi ya masurufu ipitayo mkononi mwake: nazi, unga, kitoweo, mafuta, makaa. Ametupa tulisome kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Mumewe alistaafu alipofikisha miaka 60, umri ambao watumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu tangu mwaka 2009, ulipopandishwa kutoka 55. Kurasa za mwezi wa mwisho wa mshahara na zile za mwezi wa kwanza wa pensheni zimefuatana, na mwenye kuzisoma huona jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa mdomo nyumbani humo.

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akistaafu matumizi ya chakula hupungua. Watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, nauli ya kazini haipo, na wazee hawali sana. Daftari lasema vingine. Alipokuwa kazini, bwana alikunywa chai ya saa nne na kula chakula cha mchana nje, kwa fedha za mfukoni mwake ambazo hazikupata kuandikwa popote. Alipostaafu, milo hiyo miwili ilihamia nyumbani, lakini fedha zake hazikuhama nayo. Nazi zilizokuwa mbili kwa siku zikawa tatu. Chai ya saa nne ikaja na mahamri. Alasiri wakaja wenziwe barazani, na mwenye baraza hawezi kuwaacha wageni wake na kahawa tungu peke yake. Pakatoka kaimati, au tende, au kipande cha haluwa. Tarehe 19 masurufu yakaisha.

Hebu tuyahesabu mahamri peke yake. Tuchukue kwamba hamri moja la kununua ni shilingi 10, na watu wawili wala sita kwa siku. Hizo ni shilingi 60 kwa siku, na 1,800 kwa mwezi. Mzee aliyefikisha miaka 70 akiwa katika mpango wa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mahamri yangeimeza karibu posho hiyo yote, na mbaazi za kuyalia hatujazitia hesabuni.

Lakini si hilo lililotutia simanzi. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi ule, kitoweo kimeandikwa kwa kiasi cha mtu mmoja. Tulimuuliza bibi. Akacheka kwanza, kisha akatuambia kwamba siku zile yeye hakuwa na njaa sana. Alikuwa akimpakulia mumewe samaki, naye akila mwiku wa wali kwa mchuzi uliobaki, jikoni, peke yake. Mumewe hakujua. Angejuaje, ikiwa kila siku sahani ilimfikia imejaa?

Twaamini nyumba hii si pekee. Pensheni haifuatani na bei za sokoni. Pengo lazima lizibwe mahali, na mara nyingi huzibwa kwenye sahani ya mwanamke, kimya kimya, bila ya yeyote kuketi na kuamua iwe hivyo. Naye mwanamke huyo ana umri wake, ana presha yake au sukari yake. Wali mtupu na chai ya sukari nyingi ndivyo vya bei nafuu vya kumshibisha, na ndivyo alivyoambiwa na daktari avipunguze.

Masheikh wetu wametufundisha kwamba nafaqa ya mke ni wajibu wa mume, hata mke akiwa tajiri; akitoa chake kuisaidia nyumba, hiyo ni ihsani yake. Hatukumbuki kufundishwa kwamba nafaqa hukoma kwa barua ya kustaafu. Hata hivyo, mume ambaye hajapata kuambiwa bei ya nguru hatuwezi kumlaumu kwa yote.

Bibi hakugombana. Usiku mmoja baada ya Isha alimpa mumewe daftari alisome mwenyewe. Bwana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza samaki hununuliwa saa ngapi. Kulipokucha, alipotoka msikitini, alishika kikapu akaenda soko la samaki. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vichache vimetoka, na bei ilimtoa jasho. Alirudi na dagaa.

Tangu hapo nguru na changu ni wa Ijumaa. Wakati wa kaskazi, bahari ikitulia na samaki wakipatikana kwa wingi, huongeza siku. Siku nyingine ni dagaa, mbaazi za nazi, mchicha, au kipande cha ng'onda kwa muhogo. Mchele wa Pishori wa Mwea, ambao bwana aliuzoea, umewekewa wageni na Idi. Wa kila siku ni wa bei ya chini, na twakiri haunukii vile. Mahamri bibi huyakanda mwenyewe mara mbili kwa wiki. Kwenye nazi bwana alikataa katakata, nasi tuko upande wake, kwani mchuzi usio tui siku saba za juma ni adhabu. Walichokubaliana ni kurudi kwenye nazi mbili, kila moja ikamuliwe mpaka tui la tatu.

Lililookoa fedha nyingi zaidi, asema bibi, ni namna ya kununua. Mafuta ya kupimiwa dukani kila jioni, sukari ya robo, unga wa nusu kilo: ukivijumlisha mwisho wa mwezi, vimekugharimu kuliko mwenye kununua kwa pamoja. Sasa pensheni ikiingia, yeye na dada zake wawili hununua gunia moja la mchele Kongowea wakaligawa. Dada mkubwa mwanzoni hakutaka, akiona kwamba kugawana gunia ni kujitangazia ufukara. Siku hizi ndiye wa kwanza kupiga simu tarehe ikikaribia.

Ramadhani ina hesabu yake, nasi tutaiandikia wakati wake in sha Allah. Kwa leo tuseme tu kwamba futari ya vyakula kumi, nusu yake ikaishia jaani, hatuwezi kuiita ukarimu. Jina lake, israfu, sote twalijua.

Barazani kahawa haikukatwa. Wenziwe bwana walikubaliana kila mmoja alete kitu siku yake. Mmoja wao hajaonekana tangu utaratibu huo uanze. Bwana alidhani amekasirika. Bibi, ambaye amejua kwa muda mrefu jinsi mtu anavyoficha sahani tupu, alimkumbusha kwamba rafiki huyo naye alistaafu mwaka jana, na pensheni yake bado haijaanza kulipwa.

Ukurasa wa mwisho tuliouona ni wa Ijumaa iliyopita. Una hati mbili. Ya bibi imeandika nazi mbili, ndimu, pilipili. Ya bwana, kubwa na iliyopinda, imeandika changu watatu: wawili wa nyumbani, mmoja wa kupelekwa kwa rafiki.